Pikipiki imegongwa ikiwa imeegeshwa: kumalizana pale pale au kwenda polisi na bima?

Umeegesha pikipiki nje ya soko la Majengo, Dodoma, gari linarudi nyuma na kuiangusha. Dereva anatoa noti: "Kaka, tuyamalize." Kama ni kioo cha pembeni au indiketa, kubali, hela unaipata hapo hapo na siku ya kazi haipotei. Andikishianeni tu, shahidi asaini.

Lakini kama sehemu ya mbele imepigwa, usipokee hela kabla fundi hajaikagua. Shokapu iliyopinda haionekani kwa haraka. Utaijua barabarani, usukani ukivuta upande, na dereva hapokei simu tena. Hapo mimi naenda kwa trafiki, bila kusita. Piga picha kabla ya kuiinua, namba ya gari ionekane. Kwa namba hiyo unaweza kukagua kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania, kama bima yake iko hai. Hata bima ndogo (third party) kwa kawaida hulipia mali ya mtu mwingine, na inaniuma kwamba bodaboda wengi hawaambiwi hili. Njia ni ndefu kweli: ripoti ya polisi, makadirio ya fundi, kusubiri. Kampuni ikikuzungusha, peleka lalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.