Ulezi, mtama au uwele: ununue upi Mwanza kwa ajili ya keki

Wiki mbili zilizopita nilipeleka keki ya ulezi kwenye shughuli ya kipaimara, Nyakato. Mama mwenye shughuli akatafuna mara mbili, akaishia kutema kwenye tishu. Mchanga.

Habari za kalsiamu ya ulezi mmeshazisikia kliniki, sizirudii. Mchanga ndio hausemwi. Kwenye uji huugundui kwa kuwa unazama, na watu huacha masalio kikombeni. Kwenye keki hauna pa kuzama, unanaswa humohumo mpaka ukutane na jino. Ulezi hupurwa na kuanikwa chini, na punje zake ni ndogo mno. Chembe ya mchanga iliyolingana na punje, ungo hauitoi. Maji ndiyo yanaitoa.

Kwa hiyo namba moja ni ulezi wa punje, ukausagishe mwenyewe. Utie kwenye beseni la maji, koroga kwa mkono, kisha haraka umiminie beseni la pili kabla haujatulia. Mchanga unabaki chini. Rudia mpaka usisikie mkwaruzo. Mimi hufika mara tano. Anika juu ya turubai, kamwe si chini. Mashineni, unga wa mwanzo wape kuku, maana umebeba mabaki ya udaga (muhogo mkavu) wa mwenzako. Kwenye keki changanya nusu kwa nusu na ngano. Kwenye mkate ulezi usizidi theluthi, kwani hauna gluteni na mkate utameguka. Ngano yangu ni Azam, sibadilishi.

Namba mbili ni mtama mweupe, na hapa naipendelea mbegu ya Macia waziwazi. Punje zake ni kubwa, unapeta mara moja umemaliza, na skonzi zake zinabaki na rangi ya kupendeza. Ningekuwa sioki keki, ungekuwa wa kwanza. Mtama mwekundu mara nyingi una ukakasi, waachie wapika pombe.

Uwele ni wa tatu. Una mafuta mengi, unga wake ukikaa unakuwa mchungu. Sagisha wa siku chache tu.

Unga wa kupimwa kwenye ndoo sokoni ni rahisi, lakini usiuokee.

Kinachoniuma ni pakiti za dukani. Wakishaandika “lishe” bei inapaa, na ile keki ya Nyakato niliioka kwa unga wa pakiti hizo. Siku hizi, kabla ya kulipa naomba waifungue moja, naweka unga kidogo kati ya meno ya mbele. Wakikataa, naondoka. Niliporudisha ile yangu, muuzaji akaniuliza, “Kwani dada, si wa uji huo?” Hela hakunirudishia. Keki ya pili nimempelekea yule mama bure, kwa ulezi niliouosha mwenyewe.