Semina ya viongozi wa makanisa, Kisauni, Mombasa: shilingi 500 zangu zilifanya nini

Mimi ni mhazini wa kanisa letu, kwa hiyo huanza na risiti. Nilipewa, ina muhuri. Mada ilikuwa kuongoza kanisa kwa upendo. Kiingilio shilingi 500, ndani yake chai, chakula cha mchana na kijitabu cha maswali. Kijitabu chenyewe ni fotokopi iliyofifia, kurasa za mwisho hata miwani haikunisaidia.

Mhubiri mgeni ni kasisi wa bara mwenye parokia ya makanisa matano. Alipoanza kusimulia wito wake nilitegemea ndoto na sauti ya usiku wa manane, akaja na habari za mitambo. Ujanani alikuwa fundi wa vipaza sauti, akikodiwa kwenye mikutano ya injili, Changamwe na Mikindani humu humu. "Watumishi wa Mungu nimewajua maiki ikishazimwa," alisema, na ukumbi mzima ukacheka huku watu wakitazamana. Wapo waliomwacha na njaa kutwa nzima. Wapo waliomtukana umeme ulipopotea. Na yupo mwinjilisti mmoja mzee ambaye kila mkutano ukiisha alibaki nyuma kukunja nyaya pamoja naye. Huyo ndiye aliyemvuta: kwanza kusoma somo Jumapili, kisha uhudumu mlei, chuo cha Biblia, ushemasi, mwisho ukasisi.

Saa tano hivi spika ikapiga mluzi wa kutoboa masikio. Kijana wa mitambo akaganda, na mwenyekiti wa semina keshamtolea macho. Kasisi akaweka maiki mezani, akashuka jukwaani, akaendelea kufundisha kwa sauti yake mwenyewe mpaka kijana akamaliza. Hakutia hata mzaha.

Swali zuri lilitoka kwa mzee mmoja wa Bamburi: kiongozi akila sadaka, upendo unasemaje? Jibu: mtoe kwenye fedha leo hii, waambie waumini ukweli wa hesabu, halafu wiki hiyo hiyo nenda kwake ukanywe chai. Wachungaji wengi, alisema, hufanya moja tu kati ya hayo. Nimeandika pembeni mwa kijitabu, palipokuwa hapasomeki.

Palipopwaya ni historia. Alibaki kwa Krapf, yule mmisionari aliyefika Mombasa 1844 na kumzika mkewe hapa, ambaye tumelishwa tangu shule ya Jumapili. Hatua chache kutoka ukumbini ni Kengeleni, kwenye kengele ya Frere Town, makao yaliyoanzishwa 1875 kwa watumwa waliokombolewa. Mbona hakumtaja William Jones? Mtumwa aliyekombolewa, akasomea India, akapewa ushemasi na Askofu Hannington mwaka 1885, na ndiye aliyekuwa Rabai watoro walipokuwa wakikimbilia misheni wakiwahepa mabwana zao. Kuongoza kanisa kwa upendo kuna mfano gani zaidi ya huo, tena wa kwetu?

Swali la wachungaji kuhamishwa bila waumini kuambiwa alilikwepa kwa ustadi. Nilimwona.

Pilau ilifika saa nane na nusu, kachumbari imekwisha kabla ya meza za kina mama. Joto lilikuwa la Machi na feni zinazofanya kazi ni za mbele tu, basi wahini mapema. Anayetafuta miujiza na mafuta ya upako abaki nyumbani.

Wakiirudia, kiingilio cha mwenyekiti wetu wa kamati ya ujenzi nitalipa mimi. Sababu anaijua.