Kitalu cha maua Moshi, kwa wanaotaka kujaza kijani ndani
Jamani kama unataka kuweka maua ndani ya nyumba na upo Moshi, hivi vitalu vya pembeni ya barabara vinatosha kabisa, nimenunua kwa kaka mmoja huku kwetu na nimeridhika sana. Mmea wake wa ZZ, ule wa majani manene ya kijani, umeshiba, majani yanang'aa yenyewe bila kupakwa mafuta, nikautoa kwenye kiriba (kile kimfuko cha miche) nikakuta mizizi mizuri na yale mafundo kama viazi vidogo, ndo yanatunza maji ndo maana hata ukisafiri haufi. Halafu huu ni mmea wa huku huku Afrika Mashariki, wazungu ndo wameufanya wa bei huko kwao!

Ananiuzia na masale pia, ule mmea wa majani marefu wa Wachagga. Bibi yangu kayapanda mpakani mwa kihamba, yaani shamba la nyumbani, na kwa Wachagga ukimkosea mtu unampelekea jani la sale kuomba msamaha, sasa mimi ninalo sebuleni kwenye chungu na limependeza hatari.

Bei zake zinaongeleka, na anakuuliza kwanza dirisha lako linapata jua kiasi gani, hicho nimekipenda mno. Ila vyungu vyake vya plastiki jamani havina matundu chini, maji yanatuama mizizi inaoza, mani planti yangu (lile ua linalotambaa) ilianza kuwa njano nikatoboa na msumari wa moto ndo ikapona. Kaka tunaomba uvitoboe kabla ya kuuza. Na ukienda nenda asubuhi, mchana mimea mizuri inakuwa ishachukuliwa.