Mkalimani wa kwenye tableti: nampa nyota tatu, na hizo tatu ni za dada mmoja

Mama yangu ni mtu wa Tanga, tunaishi naye Houston, Marekani, na Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu. Hospitali yetu ina tableti iliyofungwa kwenye mlingoti wa magurudumu. Nesi anachagua Kiswahili, mkalimani anatokea kwenye kioo, anataja namba yake ya kazi, tunaanza. Hulipi kitu. Kifungu cha 1557 cha sheria ya afya ya 2010 kinaitaka hospitali ilete mkalimani anayeijua kazi, isimtegemee mtoto wa mgonjwa.

Basi siku ya kwanza nikakaa zangu kwenye kiti. Akatokea kaka mmoja mpole, kwa lafudhi nadhani wa Kongo. Mama akamwambia, "Kiungulia, baba, kinanipanda mpaka kwenye chembe ya moyo." Kaka akamwambia daktari kwamba mama anaumwa moyo! Kwetu pwani chembe ya moyo ni pale juu ya tumbo, chini ya mbavu zinapokutana. Kabla sijafungua mdomo, kipimo cha moyo kilishaagizwa. Daktari simlaumu, nani asikie moyo kwa bibi wa miaka 68 anyamaze?

Hilo nilisamehe. La saa ndilo lililonichoma. Mama alitakiwa aingiziwe kamera ya kuangalia tumbo, na daktari akasema asile chochote baada ya saa sita usiku. Kwa Kiingereza saa hiyo ni kumi na mbili, na kaka akaitoa hivyo hivyo: "Usile baada ya saa kumi na mbili." Mimi nilikuwa nimetoka kulipia maegesho. Siku yenyewe mama akaamka alfajiri, akaswali, akanywa uji kikombe kizima, akawahi kumaliza kabla ya saa kumi na mbili kama alivyoambiwa. Tulipofika wakaturudisha nyumbani. Tarehe mpya, wiki tatu mbele.

Nilipolalamika nikajifunza jambo. Mitihani ya kitaifa ya wakalimani wa hospitali hapa Marekani inapima ulimi wa mtu kwa Kihispania, Kiarabu, Kichina na lugha nyingine chache. Kiswahili hakimo. Wetu wanafanya mtihani wa jumla, tena kwa Kiingereza.

Safari ya pili, kampuni ile ile, akatokea dada. Mama akisema "naumwa", naye anasema "naumwa", hasemi "anasema anaumwa". Neno asilolielewa anamwomba daktari asubiri, anauliza. Ilipofika kwenye saa akasema, "Mama, nakutajia kwa saa zetu. Mwisho wa kula ni saa sita ya usiku, ukilala umelala. Hebu nirudishie." Mama akarudisha, akacheka, akamwambia, "Uji sinywi tena, mwanangu."

Namba ya dada huyo nimeiandika nyuma ya kadi ya kliniki. Nesi anasema haimsaidii kitu, mashine inamletea mkalimani yeyote aliye hewani.