Mpiga picha aliyeuliza kwanza shangazi ni nani: uzoefu wangu Mwanza

Kama una shughuli ya kifamilia huku Mwanza na bado unatafuta mpiga picha, huenda uzoefu wangu ukakusaidia. Kijana niliyemtumia ana studio ndogo Kirumba. Nampa nyota nne kati ya tano, na nitamwita tena. Amenifanyia kazi mbili: kupokea mahari ya mdogo wangu nyumbani kwetu Kisesa, na picha za dagaa ambao mimi na mama tunawafunga kwenye pakiti na kuwauza.

Nilipompigia simu mara ya kwanza, kabla hata ya bei, aliniuliza: "Dada, shangazi wa bibi harusi ni nani? Na mzee atakayeongea kwa niaba yenu ni yupi?" Nikamkubali hapo hapo. Kwenye mahari yetu sisi Wasukuma, binti mwenyewe anakaa ndani muda mrefu. Shughuli yenyewe iko kwa wazee waliokaa kwenye viti vya plastiki, wanavutana juu ya ng'ombe kwa sauti ya chini, na mpiga picha asiyejua hilo anakimbilia vitenge na vilemba vya akina mama huku neno kubwa la siku linampita. Huyu alikuwa amechuchumaa karibu na wazee tangu mwanzo, kimya. Picha ninayoipenda kuliko zote ni ya mkono wa baba mkubwa ukiwa juu ya mkono wa mshenga, wameshakubaliana, na nyuma yao shangazi ameshafungua mdomo kupiga kigelegele ambacho wengine hawajakianza.

Mwanga anaujua. Waliotukodisha viti walileta turubai la bluu, na jua likipita kwenye turubai la rangi, nyuso zote chini yake zinaipata rangi hiyo. Aliomba vijana wakunje upande mmoja, wazee wakasogezwa hadi ukingoni ambako mwanga ulikuwa mweupe. Picha ya ukoo mzima alikataa kuipiga mchana. Huku kwetu karibu na ikweta jua la saa sita linakaa utosini, na kivuli cha paji la uso kinafunika macho. Tukangoja saa kumi na moja, chini ya mwembe, na akaanza na wazee ili waende kupumzika, watoto wakawa wa mwisho.

Sasa nyota niliyoibana. Aliponitumia sampuli, bibi yangu alikuwa amesafishwa uso: mikunjo yote imefutwa, ngozi imeng'arishwa hadi rangi si yake. Niliumia sana. Bibi amelima pamba maisha yake yote, ule uso ndio tunaoujua, na wajukuu watakaozaliwa baadaye wanastahili kuuona ulivyo. Nilimweleza hivyo kwa upole. Akaomba radhi, akasema wateja wengi ndivyo wanavyotaka, akarudisha picha zote za wazee katika hali ya asili bila kudai hata shilingi. Siku hizi studio nyingi zinang'arisha watu bila kuwauliza, kwa hiyo mwambieni mpiga picha wenu kabla ya shughuli, si baada.

Video nayo aliifunika muziki mwanzo hadi mwisho. Maneno ya wazee, majibizano ya mshenga, nyimbo za mama zangu, vyote vikamezwa na Bongo Fleva! Bahati nzuri alikuwa ametunza sauti ya asili, akanipa nakala nyingine isiyo na muziki. Hiyo ndiyo tunayoiangalia nyumbani. Albamu ilichelewa kidogo kuliko tulivyokubaliana, ila simu alikuwa anapokea kila nikipiga, na hilo kwangu ni kubwa. Kwenye komunio ya kwanza ya mwanangu, mpiga picha mwingine alipoteza kila kitu kwa sababu kadi yake ya kumbukumbu iliharibika na hakuwa na nakala, kisha akaacha kupokea simu. Kamera ya huyu wa Kirumba inaandika kwenye kadi mbili kwa wakati mmoja. Ulizeni jambo hilo kabla ya kutoa malipo ya awali.

Kwenye dagaa ndiko alikonishangaza zaidi. Nilidhani atapiga pakiti mezani tu. Akaniambia twende Igombe, kwenye mwalo wa wavuvi, tena siku za giza, kwa maana dagaa wanavuliwa usiku kwa taa na mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wengi hawaingii ziwani. Tulifika asubuhi vichanja vya kuanikia dagaa vimejaa. Kabla ya kuinua kamera alisalimia akina mama waliokuwa wakigeuza dagaa, akawaeleza picha ni za nini, na mmoja aliyekataa hakupigwa. Pakiti alizipiga kivulini, pembeni ya ukuta, na karatasi nyeupe ya manila upande wa pili kurudisha mwanga. Flashi hakuitumia kabisa: dagaa mkavu akipigwa flashi anametameta kama vipande vya bati, na nailoni ya pakiti inarudisha mwanga wote kwenye kamera. Kwenye picha zake unaona dagaa ni safi, hana mchanga, na ndicho mteja wa Dodoma au Arusha anachotaka kukiona kabla ya kutuma hela. Oda za mbali zimeongezeka tangu tuzitumie, na wengi huanza kwa kuulizia ile picha ya vichanja.

Bei yake kwetu ilikuwa laki nne kwa mahari, siku nzima pamoja na albamu, nusu tukatanguliza kwa simu. Kazi ya dagaa ilikuwa nafuu zaidi. Wapo wa bei ya chini, sikatai. Picha aliniwekea kwenye flashi diski, na zile za kutuma WhatsApp alizituma kama faili, maana ukizituma kama picha za kawaida zinapungua ubora na ukitaka kuchapisha kubwa ya ukutani zinatoka na ukungu. Ukimtaka kati ya Juni na Septemba, wakati wa kiangazi ambapo sendoff na harusi zinafuatana, muwahi mapema na mwandikishane tarehe.