Uzoefu wangu: diski mbili na Google Drive kwa kumbukumbu za nyumbani, Mbeya

Nianze na jibu kwa wenye haraka: picha na video za familia ziwekee diski mbili za nje, Google Drive iachie vyeti na makaratasi. Ndivyo ninavyofanya hapa Mbeya na sioni sababu ya kubadilisha.

Drive inatoa GB 15 za bure, ila ni za pamoja: barua pepe, Drive na Google Photos vyote vinakula humo humo. Tangu Juni 2021 hata picha zilizopunguzwa ukubwa zinahesabiwa, kwa hiyo nyumba yenye watoto na simu yenye kamera nzuri inazijaza upesi. Raha yake ni kwamba hata nyumba ikiungua, vyeti vya kuzaliwa na hati ya kiwanja bado unavyo. Nimeviskani vyote na havijafika hata GB moja. Lakini kupandisha video za harusi kwa bando la simu? Hela hiyo bora ninunue diski.

Diski zangu ni HDD, zile zenye sahani inayozunguka ndani, za TB 1. Aina nyingine, SSD, haina kinachozunguka ndani, kwa hiyo inavumilia kuanguka, ila kwa bei yake napata HDD yenye nafasi kubwa zaidi. HDD ikiwa inafanya kazi usiisogeze, na watoto wasipite na waya.

Kunakili natumia FreeFileSync, programu ya bure inayolinganisha folda na kubeba kilichobadilika tu. Hapa muwe makini, wadau. Ukichagua Mirror, picha uliyofuta kwenye laptopu itafutwa na kwenye diski. Mimi nachagua Update, inaongeza vipya bila kufuta vya zamani. Diski inajaa haraka kidogo, sawa tu.

Ikimaliza nachomoa. Huku kwetu kwa radi za masika, diski inayoshinda imechomekwa mimi siihesabu kuwa akiba. Umeme ukileta shoti, au kirusi kile cha kufunga mafaili na kudai fidia kikiingia, inakwenda na laptopu.

Ya pili inakaa kwa dada yangu Tukuyu. Nikienda kumsalimia tunabadilishana. Nimeifunga kwa VeraCrypt, programu ya kufunga diski kwa nywila, kwa hiyo mwizi ataondoka na chuma tu. Nywila nimeiandika kwenye daftari, maana ikipotea hakuna fundi wa kuifungua.

Fleshi za “TB 2” zinazouzwa kwa bei ya chipsi kuku sizipendekezi kabisa. Nyingi ndani zina GB chache, ila zimechezewa ili kompyuta isome namba kubwa. Zinapokea mafaili bila kulalamika, siku ya kuyafungua hayafunguki. Diski au fleshi yoyote mpya ipime kwanza kwa programu ya H2testw: inaandika mpaka ijae, kisha inasoma tena ilichoandika. Inachukua saa nyingi, iache usiku. Ikileta makosa, wahi dukani asubuhi na risiti yako, muuzaji akiwa bado anaikumbuka sura yako.