Lenzi ya milimita 50 hapa Amu: ni ya mikono, si ya milango

Kama unatafuta lenzi ya kupigia milango ya Amu, mji wetu wa Lamu, hii siyo. Weka pesa zako. Naanza na hilo kwa sababu kila anayeniona nayo Usita wa Mui, njia kuu ya mji, huuliza lilelile: "Ehe, na milango je?" Canon EF 50mm f/1.8 STM nimeifunga kwenye EOS 600D, kamera ya mwaka 2011 ambayo sensa yake ni ndogo kuliko fremu ya filamu ya zamani, kwa hivyo milimita 50 zake zinakata picha kama za 80. Mlango wenye kimo cha mita mbili na nusu, hata ukiisimamisha kamera wima, unakudai urudi nyuma zaidi ya mita tano na nusu ndipo uingie wote. Kichochoro gani cha mtaa wa Mkomani kitakupa nafasi hiyo? Hatua chache tu mgongo ushagusa ukuta wa jirani, na hapo uliposimama ndipo njia ya punda wa mawe, utasikia "Simile!" kabla hujakaza fokasi. Milango iachie ile lenzi ya milimita 18-55 iliyokuja na kamera. Mimi hata nayo siku hizi siipigi, imeshapigwa na kila mgeni aliyeshuka gatini.

Kwangu hii ni lenzi ya mikono.

Kwingine huisifu kwa sura za watu, na ni kweli sura inaitoa vizuri. Lakini mji wetu si wa kumlenga mtu usoni ovyo. Mama wa buibui hataki. Mzee wa barazani atataka kwanza kujua wewe ni mtoto wa nani, na akishajua atauliza picha inakwenda wapi. Mimi sioni ubaya wake, ndio uungwana wenyewe, na anayepanda darini na lenzi ndefu kuiba sura za watu simpi salamu. Ila mikono watu hukupa. Ukimwambia fundi wa kuchonga, "Nataka mikono tu, mzee wangu," anacheka na kuendelea na patasi yake. Skrini ya 600D inafunguka na kugeuka, kwa hivyo kamera inakaa tumboni, huiinui usoni, na mwenye mikono anasahau kama uko. Kwa umbali wa mita moja hivi, lenzi hii inakupa vidole, patasi na kipande cha ubao, na vurugu zote za karakana nyuma yake zinayeyuka.

Aliyenifanya niinunue ni shangazi yangu, mchora hina wa mtaa wa Langoni. Alitaka picha za kuwatumia wateja kwa WhatsApp, na za simu zilikuwa zikimtia hasira kwa sababu rangi inatoka kila mara tofauti. Lenzi hii inasogea hadi sentimita 35, zikihesabiwa kutoka kwenye sensa na si kutoka kwenye kioo cha mbele, na hapo upana wa picha ni kama sentimita kumi na nusu. Kiganja kinajaa fremu, huna haja ya kukata kitu baadaye. Toleo la II, lile la mwaka 1990 ambalo bado utalikuta kwa wauzaji wa mkono wa pili, linaishia sentimita 45. Kwa mtu wa hina tofauti hiyo ni kubwa.

Sasa hapa ndipo watu huchanganyikiwa na hiyo f/1.8, yaani kipimo cha tundu la kupitisha mwanga: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Wanaisikia ikisifiwa, wanaifungua hadi mwisho na kuiacha hapo. Ukiwa karibu hivyo na tundu limefunguka lote, kinachokuwa wazi ni unene wa kama milimita mbili. Ua moja lina makali, la pili limeshafifia, na kifundo cha mkono hakijulikani ni mkono au mguu. Shangazi alipoonyeshwa picha ya namna hiyo alinitazama: "Mwanangu, mimi nimechora mpaka viwiko, wewe waonyesha ua moja?" Kwa biashara yake napiga f/8, napata unene wa milimita nane hivi, unatosha kwa kiganja kilichonyooshwa. Hiyo f/1.8 nabaki nayo kwa raha zangu.

Lakini f/8 inakula mwanga, na nyumba zetu za mawe hazina mwanga wa kugawa. Baada ya kujaribu dirisha, ua wa ndani na juu darini, mahali nilipopapenda ni kwenye daka, pale pa kuingilia nyumba penye baraza, mlango ukiwa wazi, kabla ya saa sita. Jua halifiki pale chini. Linapiga ukuta wa chokaa ulio mkabala, na ukuta unaurudisha mwanga umeshalainika. Mteja anakaa kwenye baraza ya daka, mkono juu ya goti, mimi nashikilia karatasi nyeupe upande wa kivuli. Karatasi hiyohiyo naipiga kwanza ili kamera ijue nyeupe ni ipi, maana kivulini picha huelekea rangi ya bluu na hina inaonekana imechakaa. Na picha nzuri ya hina si ya siku inapobanduliwa. Siku hiyo ni rangi ya chungwa tu. Ngoja kesho yake iive. Piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea, ndiyo haina subira hiyo, ni nyeusi papo hapo, ingawa ikikauka inang'aa na kukupa vidoa vyeupe visivyotakiwa. Mgeuze mteja kidogo, vinaondoka.

Harusini ni habari nyingine. Kwenye shughuli za wanawake simu huzuiwa mlangoni, na mimi naingia kwa sababu najulikana na kwa sababu sharti nimelikubali: mikono na miguu ya bi harusi, sura hapana, na kadi ya memori namkabidhi mama yake usiku uleule. Chumba kina taa mbili za dari na watu wamejaa. Flashi siitaki, inamgeuza bi harusi kuwa mtu aliyefumaniwa. Hapa f/1.8 inajilipia. Ile 18-55 ukiivuta mpaka mwisho inaishia f/5.6, na kati ya hizo mbili mwanga unaoingia unatofautiana zaidi ya mara tisa. Ni kweli 18-55 ina kizuia mtikisiko na hii haina, lakini kizuia mtikisiko kinatuliza mkono wako wewe, hakitulizi bangili za bi harusi. Napandisha ISO, wepesi wa kamera kupokea mwanga, hadi 1600, chenga zipo, WhatsApp haizioni.

Jambo moja ambalo sijaona watu wakiliambizana: balbu za LED za bei rahisi. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hivyo taa dhaifu inawaka na kufifia mara 100 kila sekunde bila macho kujua. Ukipiga kwa shata ya 1/160 ya sekunde, picha moja inatoka na weupe wa kawaida na inayofuata ina umanjano au giza upande mmoja. Kaa kwenye 1/100, au 1/50 kama mkono haujatingishika, na tatizo linaisha. Nilikuwa karibu kuilaumu lenzi bure.

Mchezo wangu wa nyumbani ni kuigeuza. Kuna pete ya chuma yenye uzi wa milimita 49 ambayo unaifunga mbele ya lenzi, halafu unaichomeka lenzi kwenye kamera kichwa chini miguu juu, na kioo cha nyuma ndicho kinatazama unachokipiga. Picha nzima inakuwa na upana wa kama vidole viwili. Shida ni kwamba tundu la lenzi hii linaendeshwa kwa umeme, na ikigeuzwa haina umeme, inabaki imefunguka yote. Dawa yake: ifunge kawaida, weka f/8, bonyeza na ushikilie kile kitufe kidogo cha kutazama kina cha picha kilichoko chini ya kitufe cha kufungulia lenzi, na ukiwa bado umekishikilia, izungushe lenzi uitoe. Tundu linabaki dogo. Watengenezaji hawakushauri kuitoa lenzi kamera ikiwa inafanya kazi, nami nimekwambia.

Fokasi unaitafuta kwa kusogeza mwili, mbele kidogo, nyuma kidogo, pumzi umeizuia. Hina iliyokauka kabla ya kubanduliwa, ukiitazama hivyo, imepasuka kama tope la mikokoni maji yakishakupwa, na kwenye mipasuko unaona chembe za sukari aliyotia shangazi pamoja na ndimu ili ishike. Yeye mwenyewe hakuamini. Akataka nimpigie na ya mshindani wake, alinganishe sukari. Nilikataa. Fanya hivi ndani ya chumba, madirisha yamefungwa. Msimu wa kusi, mchanga unakufuata mpaka darini, na kioo cha nyuma hakikuumbwa kukutana nao.

Nje, jua la pwani lina adabu zake. Saa sita mchana ufuoni, hata kwa ISO 100, f/1.8 inataka shata ya kama 1/8000, na 600D inaishia 1/4000. Picha inaungua. Funga hadi f/2.8 angalau. Isitoshe, tundu likiwa wazi kabisa, ukingo wa kanzu nyeupe kwenye jua unapata utepe wa zambarau, mwembamba lakini upo, na kwa mji wa kanzu hilo si dogo. Kwenye f/4 sijauona. Mashua zinazopita karibu na ukuta wa forodhani inazimudu. Jahazi lililo kule upande wa Manda litakuwa kidoa.

Usiku wa Maulidi, kwenye msikiti wa Riyadha, wanaume wakicheza goma na bakora zao, lenzi hii ilinichosha. Fokasi inakwenda mbele, inarudi nyuma, inakwenda tena, na bakora zimeshashuka. Lawama nyingine ni ya kamera, ina pointi tisa na ni ya kati tu yenye nguvu za kweli; tumia hiyo peke yake na uielekeze mahali penye ncha kali, pindo la kofia au mpini wa bakora. Usiku huo nilisimama upande wa wanawake, mbali, na lenzi fupi hii haikunifaa hata kidogo. Aliye na milimita 200 aende nayo.

Kuhusu uimara: ni nyepesi, gramu 160 hivi, ina kitako cha chuma ambacho toleo la II halina, na haina mpira wa kuzuia maji wala vumbi popote. Boti ya Mokowe ikianza kurusha maji, iingize mfukoni. Ikilengwa karibu mdomo wa mbele unatoka nje, na ukiizima kamera hapo, pete ya fokasi haitaurudisha kwa mkono, inataka umeme. Kwa hivyo lenga mbali kwanza, uone umeingia, ndipo uzime. Kifuniko cha kivuli cha ES-68 kinaukinga usigongwe. Nyumbani naiweka kwenye kopo la plastiki la kufunga kwa kukaza, na vifuko vya kunyonya unyevu. Kabatini peke yake utaalika kuvu.

Yangu niliinunua Mombasa ya mkono wa pili, shilingi 9,000, kwa duka lililoapa kwamba haijatumika huku pete ya fokasi ikisaga mchanga. Tukapunguziana mpaka 7,500 na nikaisafisha pete kwa brashi laini. Ukienda kununua ya namna hiyo, nenda na kamera yako na betri iliyojaa, kwa sababu bila umeme hutajua kama fokasi inafanya kazi. Izungushe kutoka mwisho hadi mwisho, sikiliza, kisha imulike kwa tochi ya simu kutoka nyuma utafute nyuzi za kuvu. Na kioo cha kukinga cha mbele chukua cha 49. Wauzaji wengi watakupa cha 52, hicho ni cha lile toleo la zamani na hakitaingia.